Riwaya ya kuliza si anasa: tusome nini likizoni?

Katika nchi za kaskazini mwa dunia, ifikapo Juni, magazeti hujaza kurasa kwa orodha za riwaya za kusomwa wakati wa kiangazi: vitabu vya kubeba ufukweni, vitabu vya kuliza, vitabu vya kujadiliwa na vikundi vya wasomaji. Orodha hizo hutufikia nasi, na wako Wakenya wanaozifuata kama zilivyo, ijapokuwa Juni ya Voi ni mwezi wa kazi na shule, na ufuko ulio karibu uko Mombasa. Likizo yetu sisi ni Aprili, Agosti na Desemba. Desemba ndipo treni na mabasi yanapowashusha Voi wana wa Taita Taveta waliotawanyika mijini, kila mmoja na mizigo yake, akitafuta matatu ya kumpandisha Mwatate na Wundanyi au kumpeleka Taveta. Wana wiki mbili tatu za kukaa na wazazi, ndugu na majirani. Je, katika mizigo hiyo mna kitabu? Na ikiwa kimo, ni kitabu gani?

Siulizi kwa mzaha. Miaka ya karibuni vikundi vya kusoma vimeenea katika miji yetu mikubwa, na sasa hata katika miji midogo nakutana na walimu, wauguzi na makarani wanaotaka kuanzisha vyao. Swali wanaloniuliza ni moja: tuanze na riwaya gani? Na sharti wanaloliweka ni moja vilevile: iwe riwaya ya kushika moyo, si ya kusinzia. Aghalabu wanaponiuliza huwa wamekwisha kuandika orodha yao, na orodha hiyo aghalabu ni ile ya London na New York. Naliheshimu sharti lao. Orodha ndiyo ninayotaka kuijadili.

Nianze na jambo la taaluma yangu. Mtu akitaka kujua namna lugha inavyozitazama hisia, asikimbilie nomino, atazame vitenzi. Mswahili hushikwa na huzuni, huingiwa na hofu, hupandwa na hasira, hujawa na furaha, huzidiwa na uchungu. Vitenzi vyote hivyo viko katika hali ya kutendwa. Hisia ndiyo mtenda. Binadamu ndiye mtendwa. Hisia hutoka mahali, ikaja, ikabisha hodi au ikavunja mlango, ikaingia. Halafu tutazame nomino zenyewe: huzuni, majonzi, simanzi, jitimai. Kamusi huzieleza kwa karibu maneno yale yale, lakini msemaji mzoefu hawezi kuliweka moja mahali pa jingine pasipo sikio lake kukataa. Mtu aliyefeli mtihani ana huzuni. Hatusemi ana jitimai.

Hazina hii ndiyo malighafi ya mwandishi wa riwaya. Ndiyo sababu nasema kwamba kikundi cha Voi kinachotafuta kuguswa, kisha kikachagua kusoma kwa Kiingereza peke yake, kinajinyima nusu ya kile kinachokitafuta. Kwa wengi wetu Kiingereza ni lugha ya fomu, ya ripoti na ya mahojiano ya kazi. Tumekisomea, tunakimudu, na wako waliokifanya chao kabisa. Lakini wachache mno kati yetu ndio walioliliwa au waliobembelezwa kwacho. Mtu atanikumbusha kwamba katika milima ya Taita watu huomboleza kwa Kidawida, na Wataveta wana lugha yao, na Wasaghala yao. Ni kweli, na laiti tungekuwa na riwaya nyingi katika lugha hizo. Lakini Voi ni mji wa njia panda. Katika chumba kimoja utamkuta Mdawida, Mkamba, Mgiriama, Mjaluo na Msomali. Lugha ambayo wote hao huitumia kununua, kutania, kugombana na kupatana ni Kiswahili. Katika lugha hiyo hakuna mwenyeji wala mgeni.

Hapa ndipo tunapokutana na kinaya cha elimu yetu. Wakenya si watu wasiosoma riwaya za Kiswahili. Kila aliyemaliza kidato cha nne amesoma walau moja, maana mtihani wa KCSE humlazimisha. Umri wa mtu hujulikana kwa kitabu chake: huyu ni wa Siku Njema, yule wa Utengano, wale wadogo ni wa Kidagaa Kimemwozea au Chozi la Heri, na baada yao wakaja wa Nguu za Jadi. Sidhani kama kuna nchi nyingi ambazo kizazi kizima kinaweza kutaja kwa pamoja wahusika wa riwaya moja ya lugha yao. Huo ni utajiri. Lakini tumeusoma utajiri huo tukiwa na kalamu nyekundu mkononi na kitabu cha mwongozo pembeni. Tulifundishwa kutaja maudhui sita, sifa nne za mhusika na matumizi ya jazanda. Hatukuulizwa hata siku moja: je, ulilia? Na ulilia wapi? Mtihani ukaisha, kitabu kikapewa mdogo wetu au kikauzwa, na riwaya ya Kiswahili ikafungiwa pamoja na sare ya shule.

Kwa hiyo pendekezo langu la kwanza kwa kikundi chochote kinachoanza ni hili: rudini kwenye kitabu chenu cha mtihani. Chukueni Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980. Mwanafunzi wa miaka kumi na saba humwona Maimuna, msichana aliyefungiwa ndani na baba yake Maksuudi, na humhukumu au humhurumia kwa yale yanayomfika baada ya kutoka. Msomaji huyo huyo akifika miaka arubaini na mitano, akiwa naye ana binti, atagundua kwamba katika kitabu hicho kuna mtu ambaye hakumwona kabisa mara ya kwanza: Tamima, mama. Yeye yu baina ya mume na watoto, hana neno lake, na anaadhibiwa kwa kosa ambalo si kosa. Kitabu hakikubadilika hata herufi. Aliyebadilika ni msomaji. Kikundi kikimpata mwanachama mmoja atakayesema hadharani, “Safari hii nilimlilia Tamima,” mkutano huo umekwisha kufaulu.

Pendekezo la pili ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Riwaya hii ilipigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania kwa kuwa ilisema waziwazi mambo ambayo wazazi waliyanong'ona. Ni habari ya binti wa Ukerewe na baba yake mlevi, Zakaria, anayedhani kwamba kumlinda mtoto wa kike ni kumtia hofu. Isomwe na wazazi na mabinti zao waliokwisha kuwa watu wazima, katika chumba kimoja. Ni kitabu kifupi, kinamalizika kwa siku mbili. Lakini naonya kwamba mazungumzo yake hayamaliziki kwa siku mbili. Swali linalobaki ni gumu, nalo ndilo kipimo changu cha riwaya inayofaa kikundi: je, watu wawili wema, waliosoma kurasa zile zile, wanaweza kutofautiana kwa haki juu ya nani wa kulaumiwa? Kama hawawezi, kitabu hicho kinafaa kusomwa na mtu peke yake. Kama wanaweza, kiitieni watu.

La tatu ni Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1976. Hii ningeiweka mikononi mwa kila msomaji wa Taita Taveta. Zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti hii imo ndani ya mbuga za Tsavo. Sehemu nyingine kubwa ni ranchi na mashamba ya mkonge. Na watu wamebanwa katika kile kilichobaki, wengine wakiitwa maskwota katika mahali walipozikwa babu zao. Tunazo ripoti za tume juu ya jambo hili, na tunayo makala ya magazeti. Mohamed Suleiman hakuandika juu ya Taita. Aliandika juu ya Unguja ya kabla ya mapinduzi, juu ya msichana aliyekataliwa na baba yake tajiri kwa sababu ya rangi yake, na juu ya Sulubu, mkulima mwenye mikono mikavu, na shamba ambalo wawili hao wamelifufua kwa jasho. Sitasema linalofuata. Nasema tu kwamba mtu akiisoma riwaya ile, kisha akasikia neno “hatimiliki” katika baraza la chifu, halisikii tena kama alivyolisikia zamani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, walisema wazee. Riwaya nzuri ndiyo njia pekee niijuayo ya kulala kidogo katika kitanda cha mwenzio.

La nne ni Chozi la Heri ya Assumpta Matei, ya mwaka 2014. Vijana wengi wameisoma shuleni. Wazazi wao wengi hawajaiona. Inaanza na daktari Ridhaa akiitazama nyumba yake iliyogeuka majivu, na jamaa zake wamo katika majivu hayo. Taifa lililotajwa ni la kubuni, lakini Mkenya hahitaji kuambiwa ni majivu ya mwaka gani. Nataka kuitaja riwaya hii pamoja na kisa ambacho si cha kubuni. Mwaka 1915, wakati wa vita kati ya Waingereza na Wajerumani, watu wa mlima wa Kasighau walituhumiwa na serikali ya kikoloni kwamba waliwasaidia Wajerumani. Wakang'olewa katika mlima wao, wakapelekwa upande wa Malindi. Wengi walikufa ugenini. Waliobaki hawakurejea Kasighau ila katika miaka ya 1930. Mtoto aliyetolewa pale akiwa anatambaa alirudi akiwa mtu mzima, katika mlima asioukumbuka. Vita vile vimetuachia reli ya Voi hadi Taveta, na makaburi ya wanajeshi yanayotunzwa hadi leo Voi, Maktau na Taveta, yenye majina na nyasi zilizofyekwa. Wapagazi Waafrika waliobeba mizigo ya vita hivyo, waliokufa kwa maelfu, aghalabu hawana hata jiwe lenye jina. Kazi ya kuwapa majina wasio na jiwe ni kazi ya mwanahistoria, lakini pia ni kazi ya mwandishi wa riwaya.

Hilo linanifikisha kwenye la tano. Riwaya maarufu za vita hivyo ziliandikwa kwa Kiingereza. William Boyd, katika An Ice-Cream War ya mwaka 1982, alikiweka kisa chake katika mpaka huu wa Taveta. M.G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, aliubuni mji mdogo wa mpakani katika The Book of Secrets ya mwaka 1994. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alichapisha Paradise mwaka huo huo wa 1994, na mwaka 2021 akatunukiwa tuzo ya Nobel. Hiyo ni habari ya Yusuf, mtoto aliyetolewa na baba yake kwa tajiri ili kufidia deni, akidhani anakwenda kumtembelea mjomba. Kwa zaidi ya robo karne Mswahili aliweza kuisoma habari hii ya watu wake kwa Kiingereza au kwa lugha nyingine za kigeni tu. Mwaka 2022 Ida Hadjivayanis akaitafsiri, Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakaichapisha, ikaitwa Peponi. Kikundi chenye wasomaji hodari na wasome nakala zote mbili, nusu wachukue hii na nusu ile, kisha walinganishe pale kila mmoja aliposhikwa na huzuni. Kama mwalimu wa isimu, natamani kuketi kimya pembeni nikiwasikiliza.

Wako watakaonijibu kwa ukali, na hoja zao nazijua. Ya kwanza yasema: Voi ina kiu ya maji, ndovu wanaingia mashambani, vijana hawana kazi, nawe wahubiri riwaya? Jibu langu ni kwamba sijasema tusome badala ya kuchimba visima. Lakini chunguzeni mabaraza yetu. Mtu husimama akaeleza namna ndovu walivyomaliza mahindi yake katika usiku mmoja, na wasikilizaji huandika takwimu. Idadi ya magunia huandikwa, ila fedheha ya mwanamume aliyeamka asubuhi akawa hana la kuwaambia watoto wake haiandikwi popote. Dunia inaijua Tsavo kwa simba wawili waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898. Patterson aliyewaua aliandika kitabu mwaka 1907, na simba wenyewe wamekaushwa, wako katika jumba la makumbusho Chicago. Simba wana kitabu, wana na kabati la kioo. Watu wanaoishi na wanyama wa Tsavo hadi leo wanastahili walau wasomaji waliozoeshwa kusikiliza.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Yasema kwamba machozi ya riwaya ni machozi rahisi: mtu humlilia binti wa karatasi, kisha akampita binti wa jirani asimwone. Hoja hii ni ya kale. Augustino, askofu Mwafrika wa karne ya nne na ya tano, aliungama kwamba utotoni alimlilia Dido, malkia wa Karthago katika utenzi wa Virgil, ilhali hakuililia hali yake mwenyewe. Na kabla yake Aristotle alikuwa amekwisha kudai kinyume: kwamba huruma na hofu tunazozipata mbele ya tanzia hutusafisha. Nani mkweli? Naona ukweli unategemea kinachofuata baada ya ukurasa wa mwisho. Anayesoma peke yake, akalia, akafunga kitabu, akalala, huenda Augustino amemshinda. Lakini wahenga wetu walisema kwamba kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Kilio kwetu ni jambo la watu. Msomaji anayelazimika Jumamosi kukaa na watu kumi, akaeleza kwa nini alilia, na mwenzake akamwambia, “Mimi hilo limenifika, wala halikuwa hivyo,” hana tena nafasi ya machozi rahisi. Ndiyo maana kikundi ni bora kuliko orodha.

Tena tusidhani kwamba kusoma pamoja ni desturi ya wageni. Pwani hii ilisikiliza tenzi zikighaniwa mbele ya hadhara kwa mamia ya miaka, na waliokuwepo walilia bila ya kuona haya. Katika miji yetu, gazeti moja limesomwa na baraza zima: mmoja akisoma, saba wakisikiliza na wawili wakibisha. Kilicho kigeni ni jina tu. Neno “klabu” katika masikio ya Wakenya wengi lina harufu ya pombe, na mke anayeambiwa kwamba mumewe yuko klabu hatamwazia na kitabu. Tukiite chama. Chama twakijua: watu kumi hutoa kidogo kila mwezi, na fungu humzungukia kila mwanachama kwa zamu. Badala ya fedha, na zizunguke nakala. Vitabu ni ghali. Sheria ya VAT ya mwaka 2013 iliviongezea kodi ya asilimia 16, na wachapishaji wamelalamika tangu wakati huo. Lakini nakala tatu zinawatosha watu kumi wenye subira, na chama cha miaka miwili kitajikuta na rafu ya vitabu inayoweza kuachiwa shule ya kijiji.

Nimalizie kwa mambo machache ya kutenda. Mwongozo wa mtihani usiingie chumbani. Anayejua mwisho asiuseme. Kila mkutano uanze kwa mtu kusoma kwa sauti kurasa mbili, maana Kiswahili ni lugha ya sikio kabla ya kuwa ya jicho, na maneno ya Unguja au Ukerewe yasiyofahamika yataeleweka katika sauti. Waulizwe kwanza walioguswa, ndipo waulizwe wachambuzi. Na kama miongoni mwenu yuko aliyepatwa na yale yaliyomo kitabuni, yule aliyehamishwa, aliyenyang'anywa au aliyepigwa, msimgeuze kuwa shahidi. Aachwe aseme akitaka, na akinyamaza, kimya chake kiheshimiwe kama maneno.

Marehemu Ken Walibora, aliyetutoka Aprili mwaka 2020, aliandika Siku Njema mwaka 1996: habari ya kijana wa Tanga aliyefiwa na mama yake mwimbaji wa taarabu, akavuka mpaka kumtafuta baba. Wakenya wengi mno walimfuata kijana yule hadi mwisho wa safari yake, wakapata alama zao, wakamwacha hapo. Yeye na wenzake wangali humo vitabuni. Desemba hii, anayeshuka Voi na abebe mmoja wao katika mzigo wake, na jioni watu wakishakula, amsome kwa sauti mbele ya mama yake.